Vidole Viwili

Gari lilikuja asubuhi, likinguruma kwa adabu:
Datsuni ya milango miwili, boneti ndefu kama hotuba,
rangi ya chungwa lililosahauliwa juani.
Malori ya kwenda Malaba yalikuwa yamepanga foleni;
madereva wakashuka, mmoja na mswaki mdomoni,
kulitazama.

Bwana Ekirapa, mstaafu wa kiwanda cha saruji,
alifungua buti. Ndani, matairi manne mapya,
mapana, bado yana nywele zake za mpira.
"Nyaketcho," akasema, "nivalishie haya.
Ringi ni zile zile, za kuzaliwa nazo. Usizipake rangi."

Nikachukua futi. Ringi, ukingo kwa ukingo,
inchi nne na nusu.
Nikapima tairi. Nikapima tena, maana futi yangu ya zamani
na tarakimu za mwanzo zimefutwa na vidole.
Mzee, nikamwambia, hapa tunaingiza
tumbo la leo kwenye suruali ya harusi.
Akacheka. Hakuyarudisha butini.

Sawa. Nikabandua tairi la zamani kwa vyuma viwili,
ringi ikabaki uchi, na ndani yake
kutu nyembamba kama unga wa wimbi.
Nikapiga msasa, nikapaka sabuni,
jipya likaingia kwa kuguna.
Pampu ikahema, ikahema, kisha pwaa!
likakaa.
Lakini lilivyokaa!
Mashavu yamebinuka, kifua kimetuna katikati;
litalika katikati tu, kando zibaki na nywele zake.
Pana kwa macho. Barabarani, lile lile.

Tukashusha jeki. Akakata stelingi hadi mwisho:
krrr.
Madigadi ikalamba mpira.
"Lete nyundo," akasema, "ukunje huo mdomo wa bati."
Bati la miaka hamsini!
Nyundo ninayo. Hakuna kitu rahisi
kuliko nyundo hapa gereji.

Nikamuuliza, nikiwa bado chini ya gari:
kwa nini mapana?
Akanyamaza hadi lori moja likapita.
Kisha akasema: mwezi wa nne, mvua, njia ya Mbale,
maji yamefunika lami.
Gari likazunguka mara moja, polepole,
kama mtu anayegeuka kumtazama aliyemwita.
Halikugonga kitu. Palikuwa na ng'ombe watatu, wote wazima.
Ila tangu siku hiyo Amoding, mkewe,
anakwenda kanisani kwa boda.

Nikatoka chini, grisi shavuni.
Ukubwa wa pua, mzee, si wingi wa makamasi.
Tairi jembamba hukata maji kama panga;
pana hupanda juu yake, likaelea, bata.
Kilichokuzungusha si wembamba.
Nikashika kidole chake, nikakipitisha
juu ya tairi nililolivua:
laini, laini, hakuna mfereji hata mmoja.
Kwa mkono wa pili akajishika kichwani,
kwenye kipara chake,
na hapo tukacheka wote, hata yule wa mswaki.

Yale mapana aliyachukua mwenye pikapu ya viazi,
kwa bei ya huzuni.
Kwa Okware wa sokoni nikapata mengine,
saizi moja tu juu ya ile ya kiwandani,
yenye mifereji mirefu ya kumeza mvua.
Ringi zikayapokea bila kuguna.
Stelingi kulia hadi mwisho, kimya. Kushoto, kimya.
Kati ya mpira na bati vidole viwili vinapita,
cha tatu kinakwama.
Inatosha, nikasema. Akaniangalia
kama mtu aliyeahidiwa simba akapewa paka,
lakini akalipa.

Jioni, wingu likiwa limekaa juu ya mwamba wa Tororo,
Amoding alikuja mwenyewe, kwa boda.
Hakusema na mumewe. Hakusema nami.
Akakusanya gomesi yake kwa mkono mmoja,
akainama kando ya gurudumu la mbele
na kuingiza vidole chini ya madigadi.
Viwili vikapita.
Akajaribu cha tatu.